Fedha za Umma na Sumu Iliyomo Nyumbani

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanaharakati wa mageuzi na waumini wa makanisa, Tudor, Mombasa



Mlinitaka nizungumze juu ya hatari zilizomo majumbani mwetu, na juu ya fedha za kuziondoa. Huenda wapo waliotarajia habari za kura na tume ya uchaguzi, maana ndizo tulizozizoea katika mikutano ya namna hii. Mimi nayaona haya kuwa mambo ya mageuzi barabara. Bunge lilipokifuta kifungu cha 2A cha katiba ya zamani mnamo Desemba 1991, na vyama vingi vikarudi, mwananchi alirudishiwa haki ya kumwuliza mwenye madaraka fedha zake zimekwenda wapi. Swali hilo tumeliuliza sana juu ya barabara, ardhi na mashirika ya umma. Juu ya chumba anamolala mtoto hatujaliuliza vya kutosha.

Niruhusuni nianze na jirani zetu. Ukisimama hapa Tudor ukaitazama hori, ng'ambo ya maji ni Mikindani, na upande huo huo wa Jomvu kuna mtaa wa mabanda uitwao Owino Uhuru. Watu wapatao 3,000 walikuwa wakiishi humo. Mwaka 2007 kikafunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi, na ukuta wake ukapakana na nyumba za watu. Moshi ulitua juu ya mabati. Maji machafu yalipita katikati ya mtaa. Vumbi liliingia ndani, likakaa sakafuni, juu ya vyombo na katika nguo za waliofanya kazi kiwandani, ambao kila jioni walirudi nazo nyumbani bila ya kujua wamebeba nini.

Risasi ina tabia moja ambayo yafaa kila mzazi aijue. Haina harufu ya kumtahadharisha mtu. Mtoto hutambaa sakafuni, mkono huenda kinywani, na mwili wake, kwa kuwa unakua, huifyonza risasi zaidi kuliko mwili wa mtu mzima. Asiyeshiba vizuri, aliyepungukiwa na madini ya chuma na chokaa, huifyonza zaidi tena. Hukaa mifupani miaka mingi na huharibu ubongo polepole, hata mzazi asione ila mtoto mzito wa kufahamu, au mwenye hasira zisizo sababu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Na anayedhani nakuza mambo na akumbuke Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, ambako watoto 18 walifariki kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 kwa kazi hiyo hiyo ya kuvunja betri za magari mitaani.

Aliyeliinua jambo la Owino Uhuru hakuwa mkaguzi wa serikali. Alikuwa mama mmoja, Phyllis Omido, aliyeajiriwa katika kiwanda hicho mwaka 2009, naye akagundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi katika damu. Aliacha kazi akaanza kuwaamsha majirani. Mwaka 2012 alitiwa mbaroni. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014; mwaka uliofuata alitunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman; na mwaka 2016 yeye na wakazi wenzake, kupitia shirika lao la CJGEA, walikwenda mahakamani. Mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na pakatengwa shilingi milioni 700 nyingine za kuusafisha udongo. Miongoni mwa waliobebeshwa lawama zilikuwamo wizara na idara za serikali, NEMA ikiwa mojawapo, kwa sababu kulinda ndiko kulikokuwa kazi yao. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua tuzo hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha ile bilioni 1.3.

Nawaomba mnisikilize vizuri hapa, maana ndipo penye hoja yangu. Sisemi fidia isilipwe. Ilipwe, na ilipwe yote. Lakini tupige hesabu pamoja. Mhudumu wa afya ya jamii, yule dada au kaka anayezunguka nyumba kwa nyumba na mkoba wake, amepangiwa tangu mwaka 2023 posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu ikitoka kaunti. Kwa mwaka ni shilingi 60,000. Ile bilioni 1.3 ingewalipa wahudumu zaidi ya 21,000 kwa mwaka mzima. Kila mhudumu amekusudiwa kuangalia kaya 100. Basi kwa gharama ya mtaa mmoja uliotiwa sumu, nyumba zaidi ya milioni mbili zingepata mtu wa kupiga hodi na kuuliza: mnapikia wapi, maji mnayaweka katika nini, jirani yenu anayeyusha nini uani? Serikali iliyokataa kutumia shilingi moja ya ukaguzi imeamriwa kulipa maelfu ya fidia, nazo ni fedha za mlipa kodi yule yule.

Wapo watakaosema: hayo ni ya Owino Uhuru, hapa Tudor hatuna kiwanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipima damu ya watoto wadogo wa Owino Uhuru ukailinganisha na ya watoto wa mtaa wa Bangladesh, jirani yake. Wastani wa Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita ya damu. Wa Bangladesh ulikuwa 3.7. Ni nusu, ndiyo, na tofauti hiyo inalaani kiwanda. Ila Bangladesh haikupakana na kiwanda kile, na bado risasi ilikuwamo katika damu ya watoto wake. Nchini Marekani siku hizi mtoto akifikisha 3.5 wakuu wa afya hutakiwa kuuliza anaishi wapi na nyumba yake imepakwa rangi gani. Kwetu nani aliuliza? Inawezekana ni rangi ya zamani inayobanduka. Inawezekana ni fundi wa betri barazani, au mvuvi ayeyushaye risasi katika sufuria ya jikoni ili afanye chubwi za mshipi wake. Hayo yote yanafanyika katika miji yetu ya pwani, wala si kwa ubaya wa mtu, ni riziki. Bila ya kupima hatutajua, na kupima kunahitaji fedha.

Wala risasi si hatari ya pekee. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe uliojaa vitundu. Sehemu kubwa ya nyumba zake hutegemea vyoo vya shimo na mashimo ya maji taka, na yamwagwayo humo hupenya mwamba mpaka visimani. Mfereji ukikauka, nao hukauka mara nyingi, watu huteka visima hivyo, au hununua maji ya mkokoteni wakayahifadhi katika mapipa na mitungi. Na hapo huingia mgeni mwingine. Mbu aenezaye homa ya dengi na chikungunya hapendi dimbwi chafu. Hupenda maji masafi yaliyotulia, kwenye pipa lisilo na kifuniko, na huuma mchana. Mombasa ilipata dengi mwaka 2013, na ikapata chikungunya kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018, watu wakitembea wameinama kama wazee wa miaka 90. Tuliambiwa tufukize dawa. Hatukuambiwa kwamba ugonjwa huo ulianzia kwenye bomba lisilotoa maji. Kifuniko cha pipa ni kitu kidogo sana. Lakini sijapata kuona kifuniko cha pipa katika makadirio ya bajeti ya serikali yoyote. Naona wengine mnacheka. Chekeni, kisha mniambie kwa nini hakiwezi kuwamo.

Tena kuna moshi. Mama apikaye kwa makaa ndani ya chumba kimoja, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua au ya usalama, hukaa katika hewa ambayo hakuna mkuu wa idara angeikubali ofisini kwake. Duniani kote moshi wa majikoni ulihusishwa na vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani. Hapa sitakaa sana, maana mnayajua.

Sasa, ni nani mwenye wajibu wa kugharimia? Tukiwa na mazoea ya siku za chama kimoja tutajibu: mfadhili, au mheshimiwa. Katiba ya 2010 inajibu vingine. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 43 kinataja afya, tena kinataja nyumba za kufaa na viwango vya usafi. Na Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti huduma za afya za mashinani, uondoaji wa taka na udhibiti wa uchafuzi wa hewa. Hata Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242, ambayo ni ya enzi ya ukoloni, inamruhusu bwana afya, kama walivyozoea kumwita wazee wetu, kuamuru kuondolewa kwa madhara katika nyumba ya mtu: choo kibovu, kisima kichafu, msongamano. Amri tunazo. Kilichokosekana ni nauli ya bwana afya, chupa zake za sampuli, na maabara ya kuzipokea.

Na kukosekana huko kuna historia. Mwaka 1969 serikali kuu ilizinyang'anya halmashauri za kaunti shule za msingi, afya na barabara. Manispaa kubwa, Mombasa ikiwamo, ziliachiwa kazi hizo, lakini kodi iliyokuwa uti wa mgongo wa mapato yao ilifutwa miaka michache baadaye. Mzigo ukabaki, kamba ikakatwa. Ilipofika miaka ya 1990 baraza la mji lilikuwa likihangaika kulipa mishahara, sembuse kukagua visima. Sheria ya mwaka 1998 iliyotenga asilimia 5 ya kodi ya mapato kwa serikali za mitaa ilikuwa mojawapo ya matunda ya kelele za mageuzi, ingawa walioila hawakumbuki nani alipanda. Leo kaunti zimehakikishiwa si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kwa hiyo nisisikie tena kwamba fedha hazipo. Fedha zipo, zimegawanywa kabla hatujafika.

Tunafika tumechelewa kwa sababu tunakwenda wakati wa kelele, nao wanapanga wakati wa kimya. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka tarehe, na tarehe hizo ndizo mlango. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti lazima ufike katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha, ambamo kila idara hupewa kiwango chake cha juu, hufika Februari 28. Makadirio yenyewe hufika Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Watu wetu huitwa kwenye kikao cha maoni Mei, wakapewa soda na karatasi, wakasema, wakapigiwa makofi. Mei viwango vimekwisha kuwekwa. Jambo ambalo halikuwamo katika mpango wa Septemba halina pa kusimama mwezi wa Mei, hata likisemwa na askofu.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 137, imeunda jukwaa la kaunti la bajeti na uchumi, na wanaotakiwa kukaa humo pamoja na gavana ni wawakilishi wa wanataaluma, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Makundi ya dini! Kiti chetu kimeandikwa katika sheria. Nawauliza viongozi wa makanisa na misikiti mlio hapa: anayekikalia kiti hicho kwa niaba yenu ni nani? Alichaguliwa lini? Amewahi kurudi kuwaeleza alichokisikia? Tuliwalaumu sana waliokuwa wakiteua wawakilishi wetu bila ya kutuuliza. Tusifanye hayo hayo ndani ya nyua zetu.

Tukishaingia tuombe nini? Maoni yangu ni kwamba tusiombe mradi. Neno hili limetuponza. Mradi huja na ubao wa rangi barabarani, gari jeupe na semina hotelini. Baada ya miaka miwili gari huondoka, ubao hubaki, na huwa ubao mzuri wa kufunikia kisima. Siwadharau wafadhili, bila ya misaada ya nje huenda kesi ya Owino Uhuru isingefika ilikofika. Ila fedha za mgeni hufuata hamu ya mgeni, nayo hamu hubadilika. Ninachokitaka ni kifungu cha kudumu katika bajeti ya idara ya afya ya kaunti, chenye jina lake na hesabu zake, kwa ajili ya hatari za nyumbani. Kilipie upimaji wa damu ya watoto wa chini ya miaka sita katika hospitali zetu za karibu, ya Tudor ikiwa mojawapo. Kilipie sampuli za maji ya visima na vumbi la sakafu. Kiwape wahudumu wa afya ya jamii mafunzo na fomu ya ukurasa mmoja. Na kiwe na akiba ndogo ya matengenezo, kwa sababu kumwambia mtu ana sumu ndani kisha ukaondoka ni kumwongezea maradhi.

Hapo kwenye matengenezo ndipo patakapokuwa na ugomvi, na afadhali tuutazame mapema. Nyumba nyingi za Tudor ni za kupanga. Mpangaji akilalamika juu ya choo, mwenye nyumba humwonyesha mlango. Mwenye nyumba akilazimishwa kutengeneza, hupandisha kodi, na yule yule tuliyemtetea huhama. Marekani walipopambana na rangi za risasi walitunga sheria mwaka 1992: serikali kuu ikatoa ruzuku kwa miji ili isafishe nyumba za wenye kipato kidogo, na mwenye nyumba akalazimika kumweleza mpangaji hatari anayoijua kabla ya kutia sahihi mkataba. Kwetu masharti yawe wazi zaidi: anayepokea fedha za umma kutengeneza nyumba asipandishe kodi kwa muda utakaotajwa katika maandishi. Na katika mitaa ya zamani iliyojengwa na baraza la mji, mwenye nyumba ni serikali yenyewe ya kaunti. Hapo mkaguzi na mkaguliwa ni mtu mmoja. Kwa nyumba hizo sioni sababu ya kuomba ruzuku. Sehemu ya kodi inayokusanywa irudi katika mabomba na mapaa, na hesabu zake zibandikwe ukutani wapangaji wazisome.

Tena tujihadhari na sisi wenyewe. Katika siasa za vyama vingi kila kitu kizuri hugeuzwa zawadi ya mtu. Nimeziona nyanja za michezo zilizoandikwa jina la mbunge, na matangi ya maji yenye picha ya mgombea. Siku watoto wa Tudor watakapopimwa damu kwa fedha za kaunti, asitokee mwakilishi wa wadi akasema amewapima yeye. Wala majibu ya vipimo yasiwe siri ya afisi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa dola. Mzazi apewe jibu la mwanawe. Mtaa upewe jumla bila ya majina.

Kanisa lina kazi yake katika hili, nayo si ya kushikilia fedha. Nasema hivyo kwa heshima. Fedha zikiingia kanisani kwa jina la mradi, mchungaji hugeuka mwajiri na waumini hugeuka waombaji wa kazi. Kazi ya kanisa, na ya msikiti vilevile, ni kutunza kumbukumbu. Nyumba za ibada zina kitu ambacho vyama vya siasa hawana: hazihami baada ya uchaguzi. Zinajua nani kazaliwa, nani kahama, nyumba ipi imezika watoto wawili katika mwaka mmoja. Daftari la namna hiyo, likijazwa kwa uaminifu, lingekuwa na uzito mkubwa mbele ya kamati ya bajeti, na Mungu apishe mbali, hata mbele ya jaji.

Katibu anazo karatasi pale mezani. Kila jumuiya ichague watu wawili, mmoja awe mwanamke anayejua majiko ya majirani zake. Waandike nyumba kwa nyumba mambo manne tu: maji yanatoka wapi na yanawekwa katika nini, choo kiko hatua ngapi kutoka kisimani, chakula kinapikwa wapi na kwa nini, na kama kuna kazi yoyote ya betri, rangi au kuyeyusha madini karibu na wanapochezea watoto. Majina ya wenye nyumba yasiandikwe, namba ya nyumba inatosha. Karatasi zirudishwe kwa katibu kabla ya katikati ya Julai, ili tupate wiki sita za kujumlisha na kuandika ombi letu kabla ya mpango wa Septemba. Wale walio tayari kwenda katika afisi za kaunti kuuliza ni nani anayekikalia kiti cha makundi ya dini wabaki nyuma kidogo baada ya sala ya kufunga.